Spika za nyuma kimya kwenye risiva ya zamani

Kaka wa Masasi uliyeuliza kwa nini spika zako za nyuma ziko kimya, risiva yako (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika) haijafa. Kama umeunganisha tivii kwa waya wa optikali (unaopitisha sauti kwa mwanga) na ni spika mbili za mbele tu zinazotoa sauti, anza na mipangilio ya tivii. Ingia sehemu ya sauti, tafuta sauti ya dijitali inayotoka nje, uitoe kwenye PCM (sauti isiyobanwa) uweke Bitstream au Dolby Digital (sauti iliyobanwa ya spika nyingi). Optikali ikibeba PCM hupitisha chaneli 2 tu, hata filamu iwe ya 5.1 (spika tano na moja ya besi).

Kwenye risiva, chagua ingizo lililopewa tundu la optikali, si zile RCA nyekundu na nyeupe. Maandishi ya Dolby Digital yakiwaka kwenye kioo, umepata.

Sasa, kuna tivii zinazoikata sauti ya HDMI kuwa stirio kabla ya kuitoa kwa optikali. Hiyo usibishane nayo, vuta waya moja kwa moja kutoka kwenye deki (ya kuchezea diski) kwenda risiva. Deki ikiwa na tundu la koaksia (tundu moja la duara la sauti ya dijitali), ule waya wa njano wa video unatosha kabisa, usipande basi kuja Mtwara kununua wa bei mbaya.

Dolby TrueHD (sauti ya Blu-ray isiyopunguzwa ubora) haipiti kwenye optikali wala koaksia, chagua Dolby Digital au DTS (mtindo mwingine wa sauti ya spika nyingi) ya kawaida. Na chaneli ya king'amuzi ikirusha stirio, washa Pro Logic II kwenye risiva (inayogawa stirio kwenda spika zote), angalau spika za nyuma zitanong'ona.