Lenzi ya levo inajaa ukungu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msaidizi wa mpima ardhi hapa Tanga. Levo yetu, ile darubini ya kupimia usawa wa ardhi, inalala ofisini kwenye kiyoyozi. Asubuhi tukifungua boksi saiti, lenzi inajaa ukungu, nikifuta, unarudi. Sasa naona umeingia hadi ndani. Mwenzangu anasema tupulizie upepo wa kompresa ya gereji. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzako mzuie kwanza. Kompresa ya gereji inashindilia hewa ileile ya Tanga, na hewa ikishindiliwa hutema maji. Fungua koki iliyo chini ya tangi uone yanavyotoka, tena yamechanganyika na oili. Ndiyo unataka kuyamwagia prizimu, vile vioo vya ndani ya levo?

Ukungu wa nje hauna makuu. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huacha maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi, na levo yako imetoka kwenye nyuzi 20. Usifutefute, utaikwaruza lenzi kwa vumbi na chumvi ya bahari. Iache kwenye boksi lililofungwa kama saa nzima mpaka ipate joto la saiti. Au isilale kwenye kiyoyozi kabisa.

Uliomo ndani ndio ugonjwa. Mipira ya kuzibia imechoka, hewa mbichi imepenya, na ukichelewa kuvu wataota kwenye lenzi. Karakana ya maana hupitisha hewa kwenye chujio la oili, kisha kwenye chombo cha silika jeli au kikaushio kingine, mpaka iwe kavu kiasi cha kutotoa umande hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Huiingiza taratibu kwa tundu moja la skrubu, ile mbichi itokee jingine. Wengine hutumia nitrojeni. Halafu mipira mipya. Fundi asiyeibadilisha amekula hela yenu tu.

Kwenye boksi weka silika jeli, ile ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani, ioke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, ipoe ndani ya kopo lililofungwa. Mchele uacheni jikoni, una vumbi na haunyonyi unyevu wa kutosha.

Levo ikirudi, msiikimbize kazini. Pigeni vigingi viwili vilivyoachana mita 60 hivi. Someni stafu, ile fito ya vipimo, juu ya kila kigingi mkiwa katikati, kisha mkiwa karibu na kimoja. Tofauti ya kimo kati ya vigingi isipolingana mara zote mbili, mstari wa kulengea umehama; irudisheni kwa fundi.