Daftari letu halina safu ya damu

Swali lenu la wiki limeuliza hivi: "Mtaa ukimchangia jirani mwenye saratani, ni sawa majina na kiasi alichotoa kila mtu yasomwe hadharani?" Jibu langu ni hapana. Mimi ni katibu wa michango ya mtaa wetu hapa Muheza, na najua usomaji wa majina unavyokwenda. Anasomwa aliyetoa laki, makofi. Anasomwa wa buku mbili, kimya, halafu kuna mtu nyuma anakohoa. Huyo wa buku mbili kikao kijacho humwoni, na hata kwenda kumjulia hali mgonjwa anaona haya, maana ameshapangiwa bei mbele za watu.

Mngeweza kuishia hapo mkachapisha. Lakini swali lenu limenikera kidogo, kwa sababu limeshachukulia kwamba mchango ni hela.

Sisi kwa harusi hatuna mpinzani: kamati, kadi, ahadi, vikao vya kila Jumapili. Kwa msiba ndiyo usiseme. Kabla maiti haijatoka hospitali, turubai limeshafungwa, sufuria za mtaa zimeshatoka stoo na mtu ameshakaa mlangoni na daftari la rambirambi. Anayeugua miezi na miezi ndiye hana utaratibu. Kamati ya harusi inavunjwa baada ya sherehe. Ya mgonjwa wa saratani mnaivunja lini?

Kwetu ilimkuta mama mmoja anayeuza vitumbua asubuhi, nami nitamwita Mama Vitumbua kama mtaa mzima unavyomwita. Alianza kuona damu wakati hedhi ilishamkoma miaka mingi. Akanyamaza, akachemshiwa mizizi, akanyamaza tena. Alipokuja kupimwa akaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa wanawake wa Tanzania ndiyo inayoongoza kuliko saratani nyingine zote. Akaandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam.

Waliopita huko wanaelewa. Mionzi si kitu cha kupigwa mara moja ukapanda basi ukarudi. Ni Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku, kwa wiki tano au zaidi, na katikati yake kuna dripu ya dawa kila wiki. Dakika hizo chache huwezi kuzifuata kila siku kutoka Muheza, upite Segera, upite Chalinze, ukwame na foleni za kuingia mjini. Lazima upate pa kulala Dar, na mtu wa kulala naye. Kwa hiyo hata pale tiba yenyewe inaposamehewa, bado kuna kodi ya chumba, daladala, chakula cha watu wawili, na biashara ya msindikizaji iliyofungwa nyumbani.

Hela tulipata, tena vizuri. Machungwa yalikuwa yameanza kutoka, watu wana kitu mfukoni. Kikoba cha akina mama kikatoa mfuko wa jamii. Msikitini ikatangazwa Ijumaa, kanisani Jumapili. Kwenye kundi la WhatsApp ikaanza ile orodha mnayoijua, kila aliyetuma anainakili, anaongeza jina lake na kiasi chake chini, anairudisha. Yaani kusoma majina hadharani siku hizi hakungoji kikao.

Sasa damu.

Kabla ya safari mgonjwa alikuwa ameishiwa kabisa, midomo imekuwa kama karatasi. Hospitali ya mkoa kule Tanga wakasema damu iko chini mno, aongezewe kwanza ndipo aende Dar, na kwamba ndugu na majirani waje kujitolea ili benki irudishiwe. Damu haiuzwi, hilo walitueleza vizuri. Nikaandika kwenye kundi jioni ile ile: Jumamosi asubuhi kutakuwa na Noah mbele ya duka, wenye nafasi tukatoe damu. Nikasubiri. Alama za buluu zikajitokeza, wamesoma wote. Mmoja akaweka vile vikono vya dua. Mwingine akaniuliza pembeni kama anaweza kutuma elfu ishirini badala yake.

Si kwamba watu wetu wana roho mbaya. Nilizunguka nyumba hadi nyumba, nikasikia mengi. Kuna anayeogopa kwamba wakimtoa damu watampima na kumwambia jambo ambalo hajataka kulijua. Kuna anayeamini damu ikitoka hairudi. Baba mmoja mtu mzima, mwenye ng'ombe na shamba, aliniambia mke wake hatamruhusu. Mke alikuwa amesimama nyuma yake anashangaa.

Jumamosi walikuja ambao sikuwategemea. Mwadhini wetu alitangulia, kanzu imepigwa pasi, akakaa kiti cha mbele. Kufika kule muuguzi akamwambia, "Shikamoo babu, mwisho wetu ni miaka 65." Mzee akamwuliza kama damu nayo inastaafu. Ikabidi abembelezwe na chai. Mwalimu wa kwaya mizani ilimkataa. Wanataka kilo 50, yeye alikuwa na 47, akaomba apimwe tena na viatu. Mimi nilitobolewa kidole, tone langu likadondoshwa kwenye maji yao ya buluu. Tone la mwenye damu ya kutosha huzama. Langu likaelea. Nikarudishwa benchi, katibu mzima, niliyewapigia watu kelele wiki nzima.

Na hapo benchini ndipo nilipomwona kijana wa bodaboda wa stendi akiingia. Huyu wiki iliyotangulia alisemwa kwenye kundi. Hakutajwa jina, lakini iliandikwa kwamba wapo wanaokula vitumbua vya mkopo kila asubuhi na hawajatoa hata mia, na mtaa mzima ulijua ni nani. Hakupanda Noah yetu. Alikuja na pikipiki yake, amepakia wenzake wawili wa kijiweni, polisi wangewakamata wangekuwa na haki. Wakakaa wote watatu, kofia ngumu mapajani. Zamu yake ilipofika alifumba macho kabla hata mkono haujafungwa, jasho linamtoka, anamwuliza muuguzi, "Bado?" Sindano yenyewe haijaingia. Mfuko ukajaa, akapewa soda na biskuti. Alipomaliza akauliza kama soda ya pili inaruhusiwa. Wenzake nao wakatoa. Kati ya sisi tuliokwenda na Noah, zaidi ya nusu tulirudishwa. Wao watatu walipita wote.

Jioni nikafungua daftari. Lina jina, ahadi, kiasi kilicholipwa. Nikatafuta pa kuandika mfuko wa damu, sikupaona. Mbele ya jina la yule kijana nikaweka kistari, na kistari kwenye daftari letu maana yake ni hajatoa kitu.

Wapo wengine wa aina hiyo, nawapitia haraka. Binti wa fundi cherehani alikwenda Dar kulala na mgonjwa siku zote za mionzi, akajifunza kumwogesha bila kufuta mistari ya wino aliyochorewa nyongani, na kumnywesha maji ya kutosha kabla ya zamu kwa sababu walitakiwa waingie kibofu kimejaa. Jirani wa ukuta wa pili, ambaye naye anakaanga, mgonjwa aliporudi alihamishia jiko lake upande wa pili wa uwanja, kwa kuwa harufu ya mafuta ilikuwa inamtapisha. Nani atasoma hayo kikaoni? Mngeyapigia makofi ya shilingi ngapi?

Nilikuwa nimefika hapa nikitaka kufunga barua na ile hapana yangu, lakini mgonjwa mwenyewe aliwahi kusema neno juu ya hili na siwezi kuliruka. Aliporudi nilikwenda kumwona, nikamwambia asijali, watu wamefanya kwa mapenzi ya Mungu, majina tumeyafunga. Akasema, "Nenda kalete daftari, mwanangu. Mimi nimeuza kwa daftari miaka yote. Sitakula cha watu nisiowajua."

Nikasoma, yeye amelala ubavu. Kila jina alikuwa na neno. Huyu mama yake tulitoka naye shule. Huyu ana deni langu la vitumbua tangu mfungo, mwambie limekwisha. Huyu katoa elfu hamsini? Kazipata wapi? Nilipomaliza akauliza, "Na wale wa Tanga?" Nikamwambia hatukuwaandika. Akasema basi sijamaliza kusoma, nimtajie kwa mdomo. Nikamtajia.

Kwa hiyo nabadilisha kidogo. Yasomwe, lakini kwanza asomewe mgonjwa, kwa sababu yeye ndiye anayebaki kuishi na watu hao na ndiye anayetaka kujua amshukuru nani. Kikaoni isomwe jumla: zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, chumba, nauli, chakula. Hiyo haina msalie, maana mweka hazina asiyesoma jumla mbele ya watu tumeshawaona mwisho wao. Kiasi cha mtu mmoja mmoja kibaki kwenye daftari, na anayetaka kulikagua aje alikague.

Kuna jambo jingine ambalo swali lenu halikugusa. Sisi tulisambaza picha yake akiwa kitandani, chini imeandikwa ugonjwa wake hadi kiungo. Mama Vitumbua alisema hela alizipokea kwa mikono miwili, lakini picha ile hakuombwa, na wateja wake wanaume walikuwa wanamwangalia kwa namna ambayo hakuipenda. Hilo lisirudiwe. Mgonjwa aulizwe kwanza nini kitajwe.

Ila ningesema uongo nikiacha hapo. Kwa sababu ugonjwa ulitajwa, akina mama wa kikoba walijikusanya wakaenda kliniki kwa kile kipimo cha siki, ambapo muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na penye shida panageuka peupe. Mmoja paligeuka, akatibiwa mapema. Na waliokuwa wanawaficha mabinti zao chanjo ya HPV (ya kukinga saratani hii), ambayo nchini ilianza kutolewa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, wamepunguza ubishi. Tungeandika tu "jirani yetu anaumwa", sidhani kama wangekwenda. Sasa mniulize itajwe au isitajwe? Mgonjwa aamue, ndivyo ninavyosema, lakini nikiwa peke yangu nafurahi kwamba kwetu ilitajwa.

Mama Vitumbua anakwenda kliniki kwa tarehe anazopangiwa. Ameanza kukaanga tena, unga nusu ya ule wa zamani, na ikifika saa mbili vimekwisha.

Kuhusu daftari, nimeshachora safu mpya kwa rula: damu, kulala na mgonjwa, mengineyo. Nilimwambia yule kijana wa stendi kwamba safari hii na jina lake litasomwa. Akasema nikimsoma mbele za watu hatatoa tena, na kwamba wanaume wanaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu kwa hiyo nimfikirie vizuri. Nimependekeza aandikwe asisomwe. Mwenyekiti anasema huwezi kuwa na jina kwenye daftari la mtaa lisilosomwa, kikao ndicho kitaamua, nacho ni Jumapili baada ya ibada.