Baiskeli imening'inia ukutani miezi minane: hamu imekwisha au giya imekwama?

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Mtaalamu. Nina umri wa miaka 49 na ninasomesha skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Kwa miaka 13 nimekuwa nikipanda baiskeli ya milimani, niliyoinunua ya mtumba, katika njia za mashamba ya karafuu na kupitia msitu wa Ngezi hadi pwani ya Vumawimbi. Tulikuwa wanne: mmoja amehamia Unguja, mwengine goti limemshinda, na wa tatu ameshughulika na karafuu zake haonekani. Tangu mwaka jana hamu imenitoka. Usiku ninajiandaa vizuri, lakini alfajiri ikifika ninatafuta udhuru. Nikitoka, simu inanionesha kwamba kipande cha vilima vitatu nilichokuwa nikikimaliza kwa dakika 22 sasa kinanichukua dakika 27, na safari ya saa mbili inaniacha na uchovu wa siku mbili. Huu ni mwezi wa nane baiskeli imo ukutani. Nimepiga hesabu ya 220 kutoa umri nikapata mapigo 171 ya moyo, lakini sijui niyatumie vipi. Baiskeli yenyewe ni nzima, ila giya ya mbele imekwama kwenye sahani ya kati (katika zile tatu za meno, penye pedeli, zinazoushika mnyororo) tangu masika ya mwaka juzi. Je, huu ni uzee, ni maradhi, au ninunue baiskeli ya umeme?

JIBU: Wa alaykumu salaam, Maalim. Katika barua yako yote, sentensi niliyoirejea mara tatu ni ile uliyoipitisha haraka kuelekea mwisho, kwamba giya ya mbele imekwama kwenye sahani ya kati, na juu ya hayo baiskeli unaiita nzima. Kazi yangu mimi ni viungo vya binadamu, si vya baiskeli, lakini miaka ya kuwahudumia wapanda baiskeli imenifunza kumwuliza mtu habari za chombo chake kabla ya kumshika goti. Tarehe zako mwenyewe zinasema: sahani ilikwama mwaka juzi, na hamu ikaanza kupungua mwaka jana. Umri haumvamii mtu baina ya msimu na msimu.

Tupige hesabu, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Baiskeli za milimani za sahani tatu mara nyingi huwa na meno 42, 32 na 22 kwa mbele, na kwa nyuma sahani kubwa kuliko zote huwa na meno 32 (yahesabu ya yako kabla ya kunikubali). Ukiwa kwenye sahani ya kati na ile kubwa ya nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unalizungusha gurudumu mara moja kamili. Ukiwa kwenye sahani ndogo ya meno 22, mzunguko ule ule unalizungusha gurudumu kiasi cha sehemu 7 tu katika 10. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja huenda mita 2 na kidogo. Kwa hiyo, ili miguu yako izunguke mara 60 kwa dakika, na chini ya hapo mimi sipendi magoti ya mtu mzima yafanye kazi kilimani, unalazimika kupanda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa saa, wakati mwenye sahani ndogo anapanda kwa kilomita 5. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini katika kilima kikali, ambako karibu kazi yote ni kuinua uzito wa mwili na chombo, ni karibu theluthi nzima ya nguvu unayotakiwa kuitoa.

Juu ya hilo uongeze umri, ambao nao una sehemu yake. Baada ya miaka 30, mtu asiyeishughulisha misuli yake huipoteza kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila muongo, na nyuzi zinazotangulia kudhoofika ni zile za haraka, zinazotoa nguvu ya ghafla ya nusu dakika au dakika moja. Uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni nao hushuka kwa takriban asilimia 10 kila muongo kwa asiyefanya mazoezi, na hushuka polepole zaidi kwa anayedumu nayo. Mtu wa umri wetu anayeishi kwenye nchi ya tambarare anaweza kukaa miaka bila ya kulitambua hilo, lakini Pemba haimfichii mtu kitu. Vilima vyetu si virefu, ila ni vikali na vinafuatana: bonde la mpunga, kilima cha mikarafuu, bonde jengine, kilima chengine, na kila baada ya dakika chache unadaiwa nguvu ile ile ya ghafla ambayo ndiyo ya kwanza kupungua. Ukiwa umefungwa kwenye sahani ya kati, hukuwa na namna ya kwenda kwa wepesi hata kama ungetaka. Kila safari ikageuka mtihani, na darasa linalopewa mtihani kila wiki bila ya somo hata moja katikati, wewe unajua bora kuliko mimi linakuwaje.

Hata hivyo, uchovu wa siku mbili baada ya safari ya saa mbili siwezi kuumaliza kwa hesabu ya meno peke yake. Kabla ya kuirudisha baiskeli njiani, nenda hospitali ukapimwe wingi wa damu, sukari, presha na, ikiwezekana, tezi ya shingo, kwa sababu tezi inayofanya kazi pungufu humchosha mtu na kumtia uzito bila ya kumwonesha dalili nyengine kubwa. Kwa mwanamme, hemoglobini iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita ni upungufu wa damu, na hakuna mpango wa mazoezi utakaoufidia. Liko na jambo ambalo wanaume wa kwetu tunalikwepa: ikiwa hamu haikukutoka kwa baiskeli tu, bali pia kwa kusomesha, kwa chakula na kwa mazungumzo ya barazani, na hali hiyo imezidi wiki mbili, basi mweleze daktari hivyo hivyo bila ya kupunguza neno, kwani huenda ikawa ni sonona, nayo ina tiba yake. Na siku yoyote ukiwa kilimani ukabanwa na kifua, ukapata kizunguzungu au moyo ukaenda bila ya mpangilio, unashuka na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hilo halingojei barua nyengine kwangu.

Ama hesabu yako ya mapigo, 220 kutoa umri ni makadirio ya zamani. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake, watafiti wa Marekani, walitoa makadirio mengine ambayo kwa watu wazima yanakaribia zaidi: 208 kutoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwako inatoa takriban 174. Usiishike tarakimu yoyote kati ya hizo kama andiko, kwa sababu zote ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Aidha, hazimfai kabisa anayetumia dawa za presha za jamii ya atenolol, ambazo kazi yake ni kuyashusha mapigo. Ikiwa hutumii dawa hizo, safari nyepesi kwako ni ile inayobakia chini ya mapigo 130 hivi.

Lakini mimi nina kipimo ninachokipenda zaidi, nacho hakihitaji saa ya mkononi. Njia za shamba kwetu hazipitiki bila ya kusalimiana, na salamu zetu hazimaliziki kwa neno moja: utaulizwa hali, utaulizwa za nyumbani, utaulizwa watoto, nawe utarudisha yote hayo. Ukiweza kumjibu mzee aliyekaa mbele ya nyumba yake kwa salamu kamili, kwa sentensi nzima na bila ya kuvuta pumzi katikati ya neno, basi mwendo wako ni ule ninaoutaka. Ukilazimika kumwinulia mkono tu ukapita, umeshavuka mpaka, na juu ya hayo umemkosea adabu. Stephen Seiler, mtafiti aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wa ustahimilivu wa ngazi ya juu, aliona kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi namna hiyo. Wewe ulikuwa ukifanya asilimia zote katika ule mwendo wa kati unaochosha bila ya kujenga kitu kikubwa.

Sasa niseme juu ya simu. Sikuambii uiache nyumbani, maana msitu wa Ngezi si mahali pa kuteguka mguu bila ya simu; ninakuambia uifute programu ile yenye kumbukumbu za dakika 22. Wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameeleza kwamba hamu inayodumu hujengeka pale mtu anapoona kwamba analifanya jambo kwa hiari yake, kwamba analimudu, na kwamba yuko pamoja na wenzake. Isome tena barua yako kwa mizani hiyo: hiari imechukuliwa na programu inayokupangia wapi pa kukimbilia, kulimudu kumechukuliwa na dakika 5 zilizoongezeka, na wenzako watatu wameondoka mmoja baada ya mmoja. Ningeshangaa kama hamu ingebaki. Unaandika kana kwamba hamu ni maji ya kisima, yajae kwanza ndipo uteke. Kwa watu ninaowahudumia ninaona kinyume chake: huja baada ya safari ya nne au ya tano isiyoumiza, kwa wengine baada ya ya kumi, na kabla ya hapo mtu hutoka kwa sababu alishaagana na mtu tu.

Kwa hiyo agana na mtu. Si lazima awe mwenye nguvu sawa na zako. Kijana wa jirani anayejifunza atakufaa zaidi kuliko rafiki wa zamani mtakayeshindana kimyakimya. Kwa wiki tatu za mwanzo toka mara mbili kwa wiki, dakika 40 tu, katika njia zisizo na vilima vikali, na urudi nyumbani ukiwa bado unataka kuendelea. Wiki ya nne ongeza safari moja ya vilima kwa sahani ndogo, na kilima kitakachokupandisha pumzi kushinda salamu, shuka usukume. Mimi mwenyewe ninasukuma, na sijamwona aliyenicheka kwa zaidi ya siku moja. Siku mbili nyengine za wiki fanya kazi ya nguvu nyumbani, kwa kuchutama na kuinuka, kupanda na kushuka ngazi ukiwa umebeba ndoo, na kunyanyua visigino, kwa sababu nyuzi za haraka haziamshwi na mwendo mwepesi peke yake. Mwezi wa Ramadhani usiache kabisa: nusu saa kabla ya kufuturu, kwa wepesi mkubwa, inatosha kuulinda mwili usisahau. Wala usijihukumu mapema. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa London, watu waliojijengea mazoea mapya walichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo likawa linajiendea lenyewe, na tofauti baina yao ilikuwa kutoka siku 18 hadi 254.

Wakati nguvu inarudi, jifunze kitu ambacho umri haukuzuii. Kuteremka kwenye udongo mwekundu uliorowa, kukata kona bila ya kufunga breki ya mbele, kupita juu ya mizizi huku umenyanyuka kitini na viwiko vimelegea: hayo ni ya macho, ya mizani na ya mazoea zaidi kuliko ya mapafu. Sabine Spitz wa Ujerumani alipata nishani ya fedha ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 40, miaka minne baada ya dhahabu yake ya Beijing. Sikulinganishi naye, wala mimi sijilinganishi, lakini mchezo huu haumfungii mlango mtu kwa sababu ya miaka 40 na kitu.

Baiskeli ya umeme ni chombo kizuri, na kama vipimo vya hospitali vitaonesha tatizo la moyo nitakuwa wa kwanza kukushauri uizungumze na daktari wako. Kwa sasa ninaona utakuwa umenunua dawa ya ghali kwa maradhi ya waya wa giya uliooza kwa chumvi ya bahari. Mpelekee fundi ile uliyonayo, mwambie abadilishe waya wa giya ya mbele pamoja na ganda lake, na akiloweke kile kifaa kinachousukuma mnyororo kwa mafuta mepesi usiku kucha kabla ya kukilazimisha. Halafu mpime mnyororo kwa rula mbele yake: kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake, mnyororo mpya una milimita 304.8, na zikifika 307 mnyororo umekwisha. Sahani ya kati ilibeba kazi yote peke yake kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya baiskeli kuning'inizwa, na huenda meno yake yamechongoka, kwa hiyo asikuuzie mnyororo peke yake, maana utaruka kwenye meno hayo siku ya kwanza utakapousimamia kilimani.