Jibu: Panchi inayoacha miba kwenye bati

Kaka, unauliza kwa nini matundu ya bawaba zako bado yana miba, yale makali ya bati yanayobaki ukingoni mwa tundu, ilhali panchi, kile chuma kinachotoboa bati, umeinoa kwa grenda ya mkono. Hiyo grenda ndiyo mchawi wako. Uso wa panchi ukienda upande kidogo tu, huku inakata, kule inararua. Tafuta mashine ya kusaga bapa, ile inayosaga uso ukawa tambarare, yenye meza ya sumaku. Mimi niko Malindi, zangu napeleka Mombasa. Nauli inauma, lakini panchi inadumu.

Tena usingoje iwe butu kabisa. Ncha ya makali ikishaviringika kama milimita 0.1 hivi, inoe. Ondoa milimita 0.02 hadi 0.05 kila jiwe la mashine linapopita, maji ya kupozea yakimiminika muda wote. Ukiona rangi ya buluu, chuma kimeungua na ugumu wake umepungua. Kisha pitisha jiwe la mafuta kwenye makali, taratibu, na uitoe panchi sumaku iliyoachiwa na ile meza, la sivyo vipande vya bati vitaigandia.

Dai, ile ya chini yenye tundu panchi inamoingia, nayo inolewe. Kimo kilichopungua kifidie kwa kuweka bati jembamba chini yake. Na upake mafuta, hewa ya chumvi huku kwetu haina huruma.