Msanii wetu amevuma kwa ubaya, tuanzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamsimamia kijana anayeimba hapa Mtwara, na kazi zetu nyingi huja msimu wa korosho, wakulima wanapolipwa na shughuli za harusi na za kuwatoa wali jandoni na unyagoni zinapopamba moto. Juzi tulifika kwenye shughuli Newala tukiwa tumechelewa kwa saa tatu. Mama mwenye shughuli alipolalamika, msanii wangu alimjibu kwa dharau mbele ya wageni, na mmoja wao akarekodi. Klipu hiyo imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp na sasa iko TikTok, ambako mashabiki wetu wanamtukana yule mama kwenye komenti. Baadhi ya wenzangu wanataka tukae kimya hadi upepo upite, wengine wanataka tuseme klipu imekatwa. Unatushauri nini?
Meneja, Mikindani

JIBU: Ndugu Meneja, kabla hamjaposti neno lolote, nendeni Newala. Nendeni na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, bila kamera, kijana wako akamwombe radhi yule mama nyumbani kwake, kisha mzungumzie sehemu ya malipo mtakayomrudishia kwa zile saa mlizochelewa. Mkianza na video, watu watasema mnatafuta kiki, na hawatakuwa wamekosea sana.

Wakubwa pia hukosea mpangilio huu. Mwigizaji Will Smith alipompiga kofi mchekeshaji Chris Rock kwenye hafla ya tuzo za filamu za Oscar, Machi 27, 2022, alipanda jukwaani usiku uleule kupokea tuzo yake, akawaomba radhi waandaaji na wasanii wenzake waliokuwa wakiwania tuzo, lakini aliyepigwa hakumtaja. Jina la Rock lilikuja kesho yake kwenye Instagram, wakati dunia nzima ilikwisha kuona ni nani aliyerukwa. Aprili 8 akazuiwa kuhudhuria hafla hizo kwa miaka 10, na Julai bado alikuwa akirekodi video nyingine ya kuomba radhi.

Mkishatoka Newala, na mama akiridhia, msanii mwenyewe aseme kwa ufupi kwenye akaunti yake: "Tulichelewa kwa saa tatu, mama mwenye shughuli alikuwa na haki ya kulalamika, nami nikamjibu kwa dharau. Nimekwenda kwake kumwomba radhi." Basi. Asiseme "kama kuna yeyote aliyekwazika", kwa sababu aliyekwazika anajulikana kwa sura na kwa mtaa. Pasiwe na muziki nyuma ya video, na wimbo mpya usubiri. Ujumbe huohuo autume kwa sauti yake kwenye yale makundi ya WhatsApp, maana wanaokupeni kazi si wanaobishana TikTok kutoka Dar es Salaam. Ni akina mama wa kamati za shughuli, ambao msimu ujao watakaa mkekani na kuulizana ni nani aitwe.

Hoja ya klipu kukatwa iacheni, isipokuwa kama mnayo klipu nzima na inabadilisha kweli maana ya alichokisema. Shughuli ile ilijaa simu, na siku mtakayodai imekatwa, atajitokeza mwenye klipu ndefu zaidi.

Kukaa kimya kuna mahali pake, hasa kwenye udaku wa nani anatoka na nani, ambao hufa wenyewe usipolishwa. Palipo na aliyekosewa, au mamlaka iliyokwisha kuchukua hatua, kimya husomeka kama kiburi. Desemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliwafungia wanamuziki Diamond Platnumz na Rayvanny kwa kuimba jukwaani Mwanza wimbo uliokuwa umekwisha kufungiwa. Wakaomba radhi hadharani, na Januari 2019 wakafunguliwa.

Lililobaki ni chawa wenu, wale mashabiki wanaotukana kwenye komenti. Kila tusi wanalomrushia yule mama linaandikwa kwenye hesabu ya msanii, kwa hiyo awakataze yeye mwenyewe, kwa jina lake, palepale kwenye komenti.

SWALI: Mimi ni mchekeshaji wa hapa Lindi. Ukurasa mmoja wa udaku umeandika kuwa nilitoroka na fedha za shoo, jambo ambalo ni uongo mtupu. Je, nimtume mwanasheria awatishe wote waliosambaza?
Mchekeshaji, Lindi mjini

JIBU: Wote, hapana. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alimshtaki mpiga picha mmoja nchini Marekani akidai dola milioni 50, kwa sababu nyumba yake ilionekana kwenye picha mojawapo kati ya maelfu ya picha za pwani ya California. Kabla ya kesi, picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6, na 2 kati ya hizo ni za mawakili wake mwenyewe. Habari ilipotangaa, zaidi ya watu 420,000 waliutembelea mtandao uliokuwa na picha hiyo ndani ya mwezi mmoja. Kesi akaishindwa.

Hifadhi picha za skrini zinazoonyesha tarehe na jina la ukurasa, kisha uwaandikie wenye ukurasa huo peke yao, ukiambatanisha risiti na barua ya mwandaaji wa shoo inayothibitisha kuwa hudaiwi. Kanusha mara moja kwenye akaunti yako, ukiweka barua hiyo. Wakikataa kufuta, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawagusa wanaochapisha kwa makusudi habari za uongo, na hapo mwanasheria atakuwa na kazi ya kufanya, dhidi ya ukurasa mmoja.