Injini ikiopolewa ziwani, alama za vidole hubaki?

Ndugu uliyeuliza kuhusu injini ya boti iliyoibwa Igombe na kuopolewa majini: alama zinaweza kubaki. Maji huondoa chumvi za jasho, ila mafuta ya ngozi hung'ang'ania kava laini. Poda ya kawaida haishiki panapolowa. Hunyunyiziwa maji yenye chembe za molibdenamu disalfaidi, unga mweusi laini, zinanata kwenye mafuta, mistari inatokea ya kijivu. Shida kubwa ni mikono ya hao walioiopoa!

Mambo haya ni ya kale. Mwaka 1892, Argentina, alama ya kidole chenye damu mlangoni ilimuumbua mama aliyemsingizia jirani mauaji ya wanawe. Vipimo vya vinasaba (DNA) vilifuata huko Uingereza miaka ya 1980, vikaanza kwa kumwondolea hatia kijana aliyekwisha kukiri mauaji. Basi usiisugue injini hiyo na tambara, waite polisi kwanza.