Jibu: Matandazo ya nyanya bila hela ya kununua nyasi

Salaam mkuu. Umesema nyanya zinanyauka ifikapo saa nane mchana ingawa unamwagilia kila asubuhi, na hela ya marobota ya nyasi za kufunika udongo (matandazo) huna.

Kwanza ingiza kidole kwenye tuta jioni. Ukikuta unyevu na mmea bado umelegea, shida si uhaba wa maji. Huenda ni ugonjwa wa mnyauko, na matandazo hayatauponya. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yazame ndipo utandaze.

Mimi hapa Morogoro sinunui kitu. Naomba maganda kwa wanaobangua karanga, nachukua majani makavu ya migomba, na nyasi za kando ya njia zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Hili la mbegu usilipuuze kabisa: mwaka wa kwanza niling'oa magugu msimu mzima. Unene wa vidole vinne unatosha, ila acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisije likaoza.

Maranda usiyachanganye na udongo, mchicha wangu uligeuka njano. Mabua ya mahindi yaliniletea mchwa, kwa hiyo kagua chini yake kila wiki. Udongo wako ni kichanga au mfinyanzi?